Nani Alikuvusha Barabara?

Kila ninapofungua makala ya safari siku hizi, naisubiri ile sentensi. Wakati mwingine inakuja aya ya pili, wakati mwingine ya tatu, lakini haikosi. Mwandishi katoka hotelini alfajiri, kaweka simu mfukoni, kajitosa mitaani peke yake, "kapotea" kwa makusudi, na mji ukamfungukia. Mji wenyewe huwa ni mkubwa, una kelele, na mara nyingi uko Asia: Bangkok, Istanbul, Guangzhou, Mumbai. Baada ya hapo mwandishi anajua kila kitu. Anajua soko lilijengwa lini, anajua muuza tambuu ana wajukuu wangapi, anajua wavuvi wanalalamikia nini. Yote hayo peke yake, kwa Kiingereza cha chuo na Kiswahili cha Tabata.

Mimi sisadiki. Na hata ninaposadiki kwamba kweli alitembea peke yake, siamini kwamba alielewa alichokiona. Hoja yangu ni fupi na sitaizungusha: makala nyingi za safari tunazoandika kwa Kiswahili zinamficha mtu aliyetuongoza. Tunamficha kwa kuwa tunadhani akionekana yeye, tutapungua sisi. Matokeo yake tunaandika uongo. Na kwa watu wanaojiita wapenzi wa fasihi kuna jambo baya zaidi: tunaandika vibaya.

Chukua Mumbai, kwa kuwa ndiyo ninayoweza kuisemea. Nilikwenda kikazi, na siku mbili zilizobaki nikamlipa mwongozaji binafsi anitembeze kwa miguu. Si basi la watalii, si kundi la watu ishirini wanaofuata mwavuli. Mimi na yeye tu, tangu asubuhi mpaka alasiri, malipo tumekubaliana kabla.

Tulianzia nje ya stesheni kuu ya treni, ambayo jina lake rasmi ni Chhatrapati Shivaji Maharaj Terminus na ambayo watu wengi mjini bado wanaiita VT, kifupi cha jina la Malkia Victoria. Aliyeisanifu ni Frederick William Stevens, na UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2004. Haya unayapata kwenye simu kabla hata hujafika uwanja wa ndege. Usichokipata kwenye simu ni mahali pa kusimama. Treni za asubuhi zinapomwaga watu, mgeni aliyesimama katikati anasombwa tu. Mwongozaji alinivuta nyuma ya nguzo akasema tusubiri treni mbili zipite. Kutoka pale nyuma ya nguzo ndipo nilipoona kwamba kile ambacho kalamu yangu ilikuwa tayari kukiita "fujo" kina mistari yake: wafanyakazi wa ofisini wanapita huku, wabeba mizigo wanapita kule, na hakuna anayemgonga mwenzake. Neno fujo likafutika. Sasa niambie, huo uoni ni wa nani? Macho yalikuwa yangu, sawa. Nguzo ilikuwa yake.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Crawford Market, soko lililokamilika mwaka 1869. Juu ya milango yake kuna michongo ya mawe iliyobuniwa na Lockwood Kipling, baba yake Rudyard, aliyekuwa mwalimu katika shule ya sanaa iliyo jirani. Jina rasmi la soko siku hizi ni la Mahatma Jyotiba Phule, mtu aliyepigana na mfumo wa matabaka katika karne ya 19. Mwongozaji aliyatumia majina yote mawili. Kwa dereva wa teksi alisema Crawford. Nilipomuuliza kwa nini, alisema kwamba akitaka kufika anasema Crawford, na akitaka kumfundisha mwanawe historia anasema Phule. Kama ningekuwa peke yangu, ningeandika jina moja, tena lile lililoandikwa kwenye ramani ya simu yangu.

Kabla ya kufika sokoni kuna barabara ya kuvuka. Aliyefika Mumbai anajua ninachosema. Hakuna anayekusimamia. Mwongozaji alinipa kanuni moja: tembea kwa mwendo uleule, usikimbie, usisimame, maana dereva keshapiga hesabu utakuwa wapi atakapofika. Ukibadili mwendo umemharibia hesabu. Nimesoma insha nyingi kuhusu miji ya Asia zinazosema "magari yalinipita pembeni kama samaki." Sijasoma hata moja inayosema nani alimvusha mwandishi.

Lakini kilichonifanya niandike makala haya si stesheni wala barabara. Ni mzee mmoja wa Bhendi Bazaar.

Bhendi Bazaar ni mtaa ambao Mtanzania anaweza kujiona hayuko mbali na kwao. Mabohora na Makhoja wanaishi pale, na baadhi ya majina ya koo kwenye mabango ya maduka ni yaleyale niliyokua nikiyaona Kisutu. Majengo ya zamani yanabomolewa, minara inapanda. Mzee alikuwa mlangoni kwa duka la vyombo vya shaba. Nikamuuliza kwa Kiingereza kuhusu biashara, mwongozaji akaligeuza swali langu kwa Kigujarati. Mzee akazungumza kama dakika nzima. Akaonyesha mnara mpya ng'ambo ya barabara, akaonyesha sakafu ya duka lake, akahesabu kitu kwa vidole, akacheka kidogo, akanyamaza. Mwongozaji akanigeukia akaniambia: "Anasema biashara si kama zamani."

Dakika nzima, maneno matano.

Mwandishi wetu wa kutembea peke yake angeandika hivi: "Biashara si kama zamani," aliniambia mzee mmoja wa Bhendi Bazaar, macho yake yakitazama mbali. Hesabu uongo uliomo humo. Mzee hakuniambia mimi. Hakusema maneno hayo. Na macho hayakutazama mbali, yalitazama mnara ng'ambo ya barabara, kitu mahususi kabisa ambacho huenda ndicho alichokuwa anakizungumzia. Ukimrudisha mwongozaji kwenye sentensi, habari inageuka kuwa kubwa zaidi. Kwa nini alifupisha? Alichoka? Aliona aibu kutafsiri lawama mbele ya mgeni? Mzee alisema jambo lisilofaa kusikiwa na mtu wa nje? Nilimuuliza baadaye. Alisema mengine yalikuwa "mambo ya mtaani." Mimi nasema hayo mambo ya mtaani, na huo mlango uliofungwa kwa adabu, ndiyo makala yenyewe. Anayemfuta mwongozaji anaufuta na mlango, kisha anatuuzia ukuta uliopakwa rangi.

Kuna watakaosema nimekuza jambo dogo. Basi turudi nyuma kidogo, kwenye historia yetu wenyewe.

Katika misafara ya karne ya 19 kutoka pwani kwenda bara, mtu aliyetangulia mbele aliitwa kirangozi. Msafara ulikuwa na wapagazi, askari, wakalimani, na wote hao walikuwa wanajua mambo ambayo Mzungu aliyekuja na daftari hakuyajua. Maarufu kuliko wote ni Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, alitekwa angali mtoto, akauzwa, akapelekwa India, akaishi huko miaka mingi, na bwana wake alipofariki akapata uhuru akarudi Zanzibar. Jina Bombay alilipata kutokana na mji huohuo ninaouzungumzia. Mwaka 1857 aliondoka pwani na Burton na Speke. Akaenda tena na Speke na Grant. Mwaka 1871 alikuwa na Stanley akimtafuta Livingstone. Kisha akavuka bara zima na Cameron mpaka bahari ya upande wa pili. Yeye na Speke walikuwa wakielewana kwa Kihindustani cha kuungaunga. Yaani maneno mengi yaliyoingia katika vitabu vya "ugunduzi" wa Ziwa Victoria yalipita kwanza kwenye kinywa cha Myao aliyejifunza lugha ya India akiwa mtumwa.

Sisi tuliosoma historia hiyo shuleni tunakasirika tukisikia kwamba Speke "aligundua" ziwa. Tunauliza, na tuna haki kuuliza: aligunduaje, wakati kuna watu waliompeleka? Vizuri. Sasa ndugu mwandishi mwenye pasipoti mkononi na mkoba mgongoni, mbona wewe umeigundua Mumbai?

Tena ngoja niseme jambo litakalouma. Burton na Speke, pamoja na dharau zao zote, walimtaja Bombay kwa jina. Walimwandika kurasa kwa kurasa, tabia zake, makosa yake, ujasiri wake, hadithi ya maisha yake. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa medali ya fedha na pensheni. Walimdharau, lakini hawakumfuta. Sisi hatumdharau mwongozaji wetu, tunapiga naye picha, tunampa bahashishi, tunamwita "bro". Kisha tukifika kwenye kompyuta tunamfuta kabisa.

Kuna sababu binafsi inayonifanya niwe mkali. Katika kazi ya habari kuna mtu anayeitwa fiksa. Mwandishi wa nje anapokuja Dar es Salaam kuandika kuhusu Kariakoo, fiksa ndiye anayempangia mahojiano, ndiye anayejua mchuuzi gani atazungumza na yupi atamfukuza, ndiye anayetafsiri, ndiye anayemwambia "hapa funga kamera." Nimeifanya kazi hiyo. Niliwahi kukaa siku nne na mwandishi wa gazeti moja la nje. Makala ilipotoka, wachuuzi wote walikuwa wanazungumza Kiingereza safi, na mwandishi alikuwa "amepenya" vichochoro vya soko. Alipenya na nani? Nililipwa, ni kweli. Lakini sentensi tatu katika makala ile nilizitunga mimi, kwa maana kwamba mchuuzi alisema kitu kirefu na mimi nikachagua. Msomaji wa ng'ambo hakuambiwa kwamba kuna mtu wa kati aliyechagua, hivyo hakuweza kujiuliza kama nilichagua vizuri. Yeye ndiye aliyedhulumiwa zaidi.

Sasa nijibu hoja za wenzangu, maana nimeshabishana nao sana.

Ya kwanza: "Alilipwa, yakaisha." Hapana. Malipo yananunua muda wake na miguu yake. Hayanunui haki ya kusema nilijua ninachokijua kwa macho yangu. Msomi anayelipia kitabu dukani bado anataja kitabu hicho. Kwa nini kitabu chenye miguu kisitajwe?

Ya pili ina uzito zaidi: "Mwongozaji anakuonyesha anachotaka uone. Ana njia yake, ana duka la binamu yake, ana kamisheni." Kweli kabisa. Waongoza watalii wengi duniani wanapata kamisheni madukani, na wa Mumbai hawajashushwa kutoka mbinguni. Zanzibar tuna mapapasi, tunawajua. Lakini hoja hii inanisaidia mimi. Kama njia niliyopitishwa ilichongwa na masilahi ya mtu, msomaji ana haki ya kujua. Andika: hapa alinipeleka dukani kwa mtu anayefahamiana naye, akakaa pembeni akanywa chai nilipokuwa naonyeshwa vitambaa. Hiyo ni habari ya uchumi wa mji kuliko aya tatu za harufu ya viungo. Anayemficha mwongozaji anaificha na kamisheni, halafu analiita lile duka "duka nililoliona kwa bahati."

Pia mwongozaji mzuri anakuonyesha mipaka. Tulipoingia Dharavi, mtaa uliobanana katika kilomita za mraba zinazokaribia mbili na nusu tu, alisema kamera ikae mfukoni. Nikakubali. Tulipita wanapochambua plastiki, tukapita Kumbharwada kwa wafinyanzi, ambao asili yao ni Gujarat. Wengi wetu tunaiona Dharavi kwa macho ya sinema ya Slumdog Millionaire ya mwaka 2008, tukitafuta uchafu na tabasamu. Mwongozaji alinionyesha karakana, mizani, na mabishano ya bei. Nilichojifunza ni kwamba kuna waandishi wanaotii agizo la kamera kisha wanapiga picha kwa kalamu: mtoto uchi, mfereji mweusi, mama anayetazama. Agizo lilikuwa ni heshima kwa wenyeji, na kalamu nayo ina lenzi.

Ya tatu ni ya wasomi: "Fasihi ya mji ni fasihi ya mzururaji aliye peke yake. Baudelaire, Walter Benjamin, Paris." Sawa, nimewasoma. Lakini mzururaji wa Paris alizurura katika mji wa lugha anayoijua, na alikuwa mwanamume. Mimi ni mwanamke. Kitabu cha Why Loiter?, kilichoandikwa na Shilpa Phadke, Sameera Khan na Shilpa Ranade na kutoka mwaka 2011, kinaizungumzia Mumbai hiihii, na hoja yake ni kwamba mwanamke anapaswa kuwa na haki ya kuzurura mjini bila sababu yoyote, bila kuulizwa unakwenda wapi. Ni haki inayodaiwa na wanawake waliozaliwa palepale na wanaojua kila lugha ya barabarani. Wewe mwenzangu unayeandika "nilizurura peke yangu hadi usiku wa manane" unajisifia kitu ambacho wenyeji wako nusu wanakipigania. Andika hivyo, basi. Usikiite mbinu ya uandishi.

Tena fasihi yenyewe haijamkataa mwongozaji. R. K. Narayan aliandika riwaya ya The Guide mwaka 1958, na shujaa wake Raju ni mwongoza watalii wa kituo cha reli, mtu asiyekubali kamwe kwamba kuna jambo halijui. Anawauzia wageni historia anayoitunga papo hapo, na mwisho watu wanamwona mtakatifu. Pale mwongozaji ndiye kitovu, na watalii ndio wapita njia. Katika Shantaram ya Gregory David Roberts, riwaya ya mwaka 2003 iliyouza sana, msimulizi anafika Bombay na mtu wa kwanza wa maana anayekutana naye ni mwongozaji, Prabaker. Hata jina analoitwa mjini kalipata kwa Prabaker. Nina ugomvi na kitabu kile, hasa jinsi tabasamu la Prabaker linavyotumika kama taa ya kumwangazia Mzungu. Lakini walau yupo, anatania, anakosea, ana kijiji na wazazi. Kwenye makala zetu hata tabasamu halipo.

Na sisi wenyewe tuna urithi bora kuliko huu. Mwaka 1901 Carl Velten alichapa kitabu cha Safari za Wasuaheli. Humo yumo Salim bin Abakari, Mswahili aliyesafiri Urusi na Siberia akiwa mtumishi wa Mjerumani, Bumiller. Hakujidai kwamba aliamka tu asubuhi akaenda zake. Msomaji anajua alikuwa safarini na nani na kwa kazi gani, na kujua huko hakukumpunguzia chochote. Kunaipa nguvu kila sentensi anayosema ameona.

Hoja ya nne ndiyo ngumu, nami naichukua kwa uzito. Kutaja jina kunaweza kumletea mtu matatizo. Nilipomuuliza mwongozaji wangu kama niandike jina lake, alisema hapana, na sababu zake ni zake. Ndiyo maana hamjalisoma hapa. Lakini hata bila jina mmejua alisimama wapi, alifupisha nini, alinywa chai wapi na alinikataza nini. Kumtaja mtu si lazima kuwe jina. Ni kuonyesha kazi yake ndani ya sentensi.

Kwa hiyo ninawaomba wahariri wa majukwaa haya, ambao najua wanasoma, waanze kuuliza maswali manne kabla ya kupandisha makala ya safari. Ulikuwa na nani? Maneno haya yalisemwa kwa lugha gani, na nani aliyatafsiri? Nani alichagua njia, na alifaidika nini? Na hili la historia ulilolieleza kwa uhakika namna hii, umelipata kwake, umelisoma, au umelikisia? Mwandishi akishindwa kujibu, arudishiwe makala yake. Akijibu, majibu yaingie ndani ya makala, si chini kwa herufi ndogo za shukrani.

Na ninyi wasomaji mnaoandika "umenisafirisha bila nauli" chini ya kila makala, mkikutana tena na mtu aliyeielewa Mumbai peke yake kwa siku tano, msibishane naye sana. Muulizeni tu nani alimvusha barabara.